870 au Mossberg 500? Leteni uzoefu wa pampu zenu, za kusikia msilete

Mzee wa Kwale
Wakuu habari za humu ndani. Septemba 1 hiyo inakuja, msimu wa njiwa unafunguliwa huku Texas, na kila tukikaa kwenye nyama choma ubishi ni ule ule, kati ya hizi shotigani za pampu (zile unavuta mkono wa mbele ndo ganda litoke na risasi mpya iingie) ipi ya kuaminika zaidi, Remington 870 au Mossberg 500. Mwaka huu umefika pabaya mpaka shemeji yangu kaninunia, so nimeona niulete huku.

Kwanza mjue nimetokea wapi. Nimekulia Singida, baba alikuwa na shotigani ya mitutu miwili, ile ya kuvunja, ya kibali, inakaa kabatini na ufunguo anao mwenyewe kiunoni hata akienda kuoga. Kanga na kwale tumekula sana. Pampu nilikuwa naziona kwa walinzi wa benki tu, nadhani kama nyie wengi. Nilipokuja huku San Antonio ndo nikaanza kuzishika, sasa hivi nina misimu kama 7 ya njiwa na hizi mbili zote ziko ndani.

870 imeanza 1950, bodi yake (lile boksi la katikati linalobeba mitambo yote) ni chuma kitupu kilichochongwa kutoka kipande kimoja. Ukishika ile 870 aina ya Wingmaster ya zamani, yenye kitako cha mbao ya walnati na ule weusi unaong'aa, ukivuta ule mkono wa pampu unateleza kama mlenda, sina neno lingine. Mossberg 500 imekuja baadaye, miaka ya 60 mwanzoni, bodi aluminiamu, mkono wa pampu unachezacheza kama mlango wa daladala. Dukani ukiwekewa zote mbili mezani utachukua 870 bila hata kufikiri. Mimi nilichukua 870.

Lakini nikienda porini nabeba 500. Sababu ni sefti tu, ile kufuli ya triga. Ya 500 iko juu nyuma ya bodi, kidole gumba kinaiangukia chenyewe, unaiona kwa macho kama iko wazi au imefungwa. Ya 870 ni kile kitufe cha kusukuma ubavuni nyuma ya triga, na mimi baada ya miaka yote hii bado kuna siku njiwa anapita naminya triga hola, nimesahau upande gani ndo wa kufungua.

Sasa leteni yenu. Na tafadhali, mkuu ukiwa hujawahi kufyatua hata moja soma tu upite.

Chuma Hakidanganyi
Mzee wa Kwale heshima yako ila hapo umepotoka. Aluminiamu hiyo tunapikia ubwabwa! Unataka kuniambia sufuria ishinde chuma? 870 imebebwa na polisi wa Marekani miaka mingapi, hebu kuwa siriasi.

Fundi Geji
Chuma, hiyo ya sufuria tumeichoka aisee kila uzi inarudi. Ngoja nieleze mara moja tu. Ukifyatua, presha haibebwi na bodi. Bolti, kile chuma kinachoziba nyuma ya risasi, inajifunga kwenye kipande cha chuma kilichounganishwa na mtutu wenyewe, kwa hiyo ni chuma kwa chuma, bodi kazi yake ni kushika vitu vikae pamoja na kuongoza njia. Hata 870 yako inajifunga hivyo hivyo, ungeitoa ile bodi ukaweka ya aluminiamu mlipuko usingejua tofauti. Faida ya chuma ni uzito unaopunguza teke, na kwamba ukiidondosha kwenye mawe haibonyei. Faida ya aluminiamu ni kwamba haishiki kutu ile nyekundu, na ukitembea nayo kutwa nzima bega linashukuru.

Kitu ambacho watu hawakiangalii ni kucha. Ndani ya bolti kuna kucha inayong'ang'ania ukingo wa ganda ili ulivute. 870 ina moja, 500 inazo mbili, kushoto na kulia. Na kile chuma cha kurushia ganda nje, kwenye 500 kimefungwa kwa skrubu, kikiisha unakitoa na bisibisi unaweka kipya mezani kwako unakunywa chai. Kwenye 870 kimepigwa ribiti ndani ya bodi, hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Sisemi kinaisha kila siku, kuna Wingmaster za tangu miaka ya 60 hazijaguswa. Ila umeuliza uaminifu, na kwangu mimi uaminifu ni pamoja na siku ikiharibika nitaitengenezaje.

Chuma Hakidanganyi
Sawa fundi nimekuelewa kuhusu presha. Kucha moja imara ni bora kuliko mbili za mawazo lakini.

Mama Bata
Hodi jamani, mtu wa Nakuru hapa, niko Minnesota mwaka wa kumi na moja. Mimi ni mkono wa kushoto na hizi hadithi zenu zote zimeandikwa na watu wa mkono wa kulia. 870 inatema ganda kulia, hapo mbele ya uso wangu, sefti yake nayo imekaa kinyume kwangu. 500 sefti iko katikati kwa hiyo haijali mkono gani, hapo Mzee nakupa, lakini ganda bado linapita mbele ya macho.

Mimi natumia Browning BPS. Inaingizia risasi chini na inatemea ganda hapo hapo chini, na sefti iko juu kama ya Mossberg. Iliundwa Japani na Miroku, na imeundwa vizuri hiyo siwezi ficha. Ni nzito, wacha tu, ukikaa nayo kwa mtumbwi asubuhi utaijua. Kuna pia Ithaca 37 ya tangu 1937, nayo inatema chini, hiyo ni nyepesi na tamu sana, ukiipata ya zamani usiiache. Lakini angalieni, Ithaca za zamani ukishikilia triga ukapampu inafyatuka yenyewe kila ukisukuma mbele, haina kile kitu cha kutenganisha triga. Winchester Model 12 pia iko hivyo. Kwa mtu hajazoea ni hatari kabisa.

Kitu kingine, kama unawinda bata hapa Marekani marisau (zile punje ndani ya risasi) ya madini ya risasi, lead, yalipigwa marufuku nchi nzima tangu 1991, ni chuma ama aina zingine zisizo na sumu. Kwa hiyo hizo bunduki za zamani zenye mtutu uliobanwa sana mdomoni uliza fundi kwanza kabla hujaweka marisau ya chuma, zinaweza kuharibika.

Mzee wa Kwale
Mama Bata karibu dada, hilo la mkono wa kushoto sikuwahi kuliwaza hata kidogo, aibu yangu. Binti yangu ana mkono wa kushoto na mwaka huu nataka aanze kujifunza, so umenipa kazi.

Msomi wa Ohio
Samahani wakuu, mie niko huku kwa viza ya masomo. Naweza kununua pampu au ndo nisubiri? Washkaji wananiambia ni leseni ya udereva tu.

Fundi Geji
Dogo usiwasikilize hao. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda, masomo imo, asimiliki wala kushika silaha, ila kuna vighairi vichache, mojawapo ni ukiwa na leseni halali ya kuwinda ya jimbo lolote. Mwenye grini kadi ni habari nyingine, huyo hana shida hiyo. Kuna fomu dukani inaitwa 4473, inauliza hayo maswali waziwazi, ukidanganya pale umejiharibia kila kitu. Nenda na karatasi zako kwa mwanasheria wa uhamiaji kwanza, dola mia za ushauri ni rahisi kuliko ndege ya kurudi.

Msomi wa Ohio
Daah asante sana mkuu. Nasubiri zangu.

Lindo la Usiku
Nawasoma tu hapa Mwanza natabasamu, mnaongelea pampu kama watu wanaochagua kiatu cha sikukuu. Mimi ni msimamizi wa walinzi, kampuni siitaji. Pampu zetu nyingi ni za Kituruki, na niwaambie ukweli, bunduki yenyewe mara nyingi haina kosa. Kosa ni hivi. Zamu inabadilika saa 12 jioni, mlinzi anatoa risasi 5 anamkabidhi mwenzake, mwenzake anaziingiza. Asubuhi hivyo hivyo. Risasi ni zile zile 5, mwaka mzima, miaka miwili. Ukingo wa shaba unatafunwa na ile kucha mnayoisema mpaka unakuwa kama kizibo cha soda kilichofunguliwa na meno, na zile zilizokaa kwenye tyubu ya akiba chini ya mtutu zinasukumwa na springi mpaka plastiki inavimba tumboni. Siku ya mazoezi ndo unaona maajabu, ya kwanza inatoka, ya pili haiingii chemba (pale risasi inapokaa kusubiri kufyatuliwa), mlinzi anahangaika nayo kama anafungua kopo bila kopener.

Tulipoanza kubadilisha risasi na kuzifyatua za zamani kwenye mazoezi, matatizo yalipungua karibu yote. Bunduki zile zile. Hatukubadili hata skrubu.

Mzee wa Kwale
Lindo la Usiku hiyo komenti yako nimeisoma mara mbili, na imenikumbusha kitu nilichokuwa sitaki kukiandika ila kwa kuwa umefungua mlango ngoja nami nitubu.

Msimu wangu wa pili. Tuko shambani kwa mzungu mmoja karibu na Uvalde, alizeti imekauka, njiwa wale wenye bawa jeupe wanashuka kama mvua. Nafyatua ya kwanza, navuta pampu, nasukuma mbele, naminya, kimya. Naangalia, ganda tupu limekwama nusu nje, risasi mpya imechomoka chini yake, vitu vimebanana huko ndani kama abiria wa mwendokasi saa 11 jioni. Nikaanza kuitukana bunduki. Kiswahili, Kinyaturu, mpaka Kiingereza. Shemeji anacheka. Mzee wa shamba, mtu wa miaka 70 na kitu, akaja taratibu akaichukua, akatoa vile vitu kwa kisu, akapakia 3, akafyatua 3 hewani kwa kasi ya cherehani. Akanirudishia. Hakusema neno.

Nilikuwa navuta nusu. Basi. Ukiwa na haraka mkono hauendi mpaka mwisho, unarudi kabla ganda halijatemwa. Bunduki ya otomatiki inajivuta yenyewe, hii inakutegemea wewe, ukivuta nusu inafanya nusu. Na ukiwa umezoea mitutu miwili ya kuvunja kama mimi, mkono hauna kabisa hiyo kumbukumbu.

Nikanunua risasi bandia zile za plastiki za mazoezi, kila jioni kabla ya msimu nakaa sebuleni (risasi za kweli ziko chumba kingine, zimefungwa, hili msilichukulie poa) navuta mpaka chuma kigonge chuma, nasukuma mpaka kigonge. Wife anasema inamkumbusha mashine ya kusaga ya kijijini kwao. Tangu hapo sijakwama tena hata mara moja kwa kosa hilo, na ni kwa bunduki zote mbili, 870 na 500.

So mimi kwa sasa ukiniambia "pampu yangu inakwama" swali la kwanza nitauliza mkono wako, la pili nitauliza risasi zako, bunduki itakuja ya tatu.

Chuma Hakidanganyi
Hahahaa Mzee kwa hiyo miaka yote unatuambia 500 na wakati ulikuwa hujui kupampu 😂😂

Mzee wa Kwale
Nimekiri hadharani mkuu, endelea kunichapa.

Fundi Geji
Mzee nakubaliana nawe kwa asilimia kubwa ila usiitoe bunduki kwenye lawama kirahisi hivyo. Kuna mambo ambayo mkono hauna hatia. Hapa Chuma ufunge mkanda.

870 Express ilianza 1987 kama toleo la bei nafuu, ule weusi wa kung'aa ukaondolewa wakaweka wa kufifia unaoshika kutu haraka. Hizo za miaka ya 2000 kuja 2010 na kitu malalamiko ya wateja yalikuwa mengi, chemba imeachwa na mikwaruzo ya mashine haijasuguliwa vizuri. Sasa chukua zile risasi za bei chee za boksi la 100, kitako chake siyo shaba, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Shaba ikipanuka kwa presha inarudi, chuma hiki kikipanuka kinabaki kimeng'ang'ania ile mikwaruzo. Unavuta pampu haiji, mpaka upige kitako cha bunduki chini. Mtu anasema 870 mbovu. Mwingine anatumia risasi nzuri kwenye bunduki hiyo hiyo anasema haijawahi kukwama, na wote wawili wanasema kweli.

Dawa yake siyo ngumu. Hakikisha iko tupu, toa mtutu, chukua stiliwulu ile laini kabisa ya sifuri nne, izungushie kwenye kijiti, mafuta kidogo, zungusha ndani ya chemba peke yake mpaka ing'ae. Chemba tu, usiende mbele. Hutaki kutoa chuma, unatoa ile mikwaruzo. Ukimaliza safisha mpaka kitambaa kitoke cheupe.

Na kampuni yenyewe mnajua yaliyoikuta, ilifilisika 2018 ikarudi, 2020 ikafilisika tena ikagawanywa vipande vipande mnadani, kiwanda cha Ilion kule New York kilichokuwepo tangu karne ya 19 kikafungwa 2024, kazi ikahamia LaGrange, Georgia. Kwa hiyo mtu akikuuzia 870 muulize ya mwaka gani. Ukipata Wingmaster ya zamani ambayo babu wa watu alikuwa anaenda nayo kuwinda mara mbili kwa mwaka, lipa, ondoka, usibishane bei.

Chuma Hakidanganyi
Yangu ni Wingmaster ya 1974, marehemu jirani yangu aliniachia. Kumbe ndo maana sijawahi kuelewa mnalalamikia nini.

Mama Bata
Ndo hivyo buda, wewe unaendesha gari lingine kabisa unafikiri ni lile lile.

Niongeze moja kwa watu wa bata. Kuna hizi pampu zinakula risasi ndefu ya inchi 3 na nusu, Mossberg 835, Benelli Nova na kadhalika. Chemba ikiwa ndefu, pampu nayo lazima ivutwe mbali zaidi. Sasa ile shida ya Mzee ya kuvuta nusu huku inaongezeka, haswa kama mikono ni mifupi kama yangu na umevaa jaketi tatu. Mume wangu anayo Nova, hiyo kwa matope na maji sijaona mfano, bodi na kitako ni plastiki ya kipande kimoja yenye chuma ndani, ukimaliza unaipiga maji kama gumboot. Lakini mimi ikinifikia mkononi navuta nusu moja kwa mbili. Inchi 3 inatosha bata yeyote.

Na baridi ikifika kuganda punguzeni mafuta. Watu wanapaka kama wanakaanga mandazi, asubuhi bolti inatembea kama imelewa.

Mpita Njia
Vipi kuhusu Maverick 88? Bajeti yangu ni ndogo na kwa kweli hizo walnati zenu naziona kwenye picha tu.

Fundi Geji
Mpita Njia, chukua bila aibu. Inatoka kwa Mossberg hao hao, inafungwa Eagle Pass, Texas, vipuri vingi vinaingiliana na 500. Tofauti kubwa utakayoiona ni sefti, imewekwa ya kitufe ubavuni kama 870. Ndani ni yale yale. Mara nyingi unaipata chini ya dola 300, inayobaki nunua boksi za risasi ukafyatue, utawazidi hawa wanaobishana humu.

Lindo la Usiku
Kuna mtu ajibu hili, maana huku mtandaoni naona vijana wanapenda zile zenye kishikio kama cha bastola. Sisi tulipewa chache, walinzi wanazipenda kwa picha tu.

Mzee wa Kwale
Hapo nina jibu. Kwenye 500 kile kishikio cha bastola kinaua faida yote niliyoisifia pale juu, kwa sababu mkono unashuka chini na gumba halifikii tena sefti bila kuachia mshiko. Ukitaka kishikio hicho, 870 na kitufe chake ndo inakaa sawa. Na kama ni zile zisizo na kitako cha begani kabisa, mkuu waambie wajaribu mara moja na risasi nzito halafu waje wakuonyeshe viganja.

Lindo la Usiku
Mmoja ameshajaribu. Aliomba ruhusa siku mbili 😂

Chuma Hakidanganyi
Mzee mimi nimetulia sasa. Ila jibu swali moja la kweli, ukiambiwa bakisha moja ndani ya nyumba nyingine iuzwe kesho, ipi inabaki?

Mzee wa Kwale
Inabaki 500. Na 870 nitaiuza huku nalia, nitambakizia anayeinunua na namba yangu ya simu akitaka kuirudisha.

Halafu taarifa. Jana nimeenda na binti dukani, nikamwambia shika zote, muuzaji kasema ruhusa, usiangalie jina wala bei. 870 ya geji 20 (geji ni ukubwa wa tundu la mtutu) kaiweka chini ndani ya dakika moja, kitufe kilimshinda kwa mkono wa kushoto. 500 ya geji 20 kaikubali. Halafu yule mzee wa duka akatoa nyuma BPS ya geji 20, ya mtumba, kitako kina mkwaruzo mmoja. Binti kaiinua, kaiangalia chini pale ganda linapotokea, kaniangalia mimi. Mama Bata pochi yangu inakudai.

Mama Bata
😂😂 Leta invoisi. Mfunze kuvuta mpaka mwisho kabla hata hujampa risasi moja ya kweli.

Mzee wa Kwale
Ameshaanza, dada. Sasa hivi sebuleni kwangu kuna mashine mbili za kusaga.